Binti wa Asubuhi na Choo cha Ukumbi

Iwanosawa,
Tarehe 9 Januari 2018

Mpwa wangu Nagisa,

Marahaba, kabla hata hujaniamkia. Natumaini mwaka mpya umewakuta salama huko Sendai, wewe na mama yako. Sisi tupo. Theluji imefika dirishani, nimepanda paa mara nne kuiondoa kwa koleo, na mkaza mjomba wako Fusae haachi kuniambia kwamba mzee wa miaka sabini na nne akianguka paani watu hawamlilii, wanamcheka. Amekutumia figili zilizokaushwa kwa moshi. Usimwachie mama yako pakiti nzima. Tangu utotoni dada yangu yule hajui kuacha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nimekaa nalo tangu Novemba.

Siku ya mashindano ya shogi pale ukumbi wa mji, haya ya sataranji yetu ya Kijapani aliyoyaanzisha babu yako, ulishinda michezo miwili ya asubuhi. Niliona kwa macho yangu, kwa kuwa saa naishika mimi. Ulimzingira mfalme wa yule daktari mpaka akakosa pa kutokea. Wakati wa chakula nikaja na vibweta vitatu vya chakula alichopika Fusae, nikakuta meza yako haina mtu. Wewe na mama yako mlishapanda treni. Huu ni mwaka wa tatu, Nagisa. Kwenye daftari la mashindano, mbele ya jina lako, imeandikwa kwa mara ya tatu: "Hakurudi."

Bwana Ushiyama, yule mstaafu wa benki mwenye ulimi mrefu, amekupa jina. Anakuita Binti wa Asubuhi. Watu wanacheka. Mimi nacheka nao, ila moyoni naungua.

Kama ni hofu ya kushindwa, niambie. Mchezaji akishindwa huinamisha kichwa, husema "nimeshindwa" kwa sauti, na maisha huendelea. Na usinitajie habari ya kiti chako cha magurudumu. Choo cha ukumbi ule nilikijenga kwa mikono hii. Mlango wake unapitisha ng'ombe na ndama wake, na vyuma vya kushikilia nilivifunga mwenyewe.

Nangoja jibu.

Mjomba wako,
Tokuji


Sendai,
Tarehe 20 Februari 2018

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa nasahihisha kitabu cha mapishi ambacho makosa yake yamezidi chumvi, na wachapaji walikuwa mlangoni. Tuko wazima. Mama mgongo unamsumbua kidogo, si jambo la kukukosesha usingizi. Figili zimekwisha, usiulize ni nani aliyezimaliza.

Kuhusu Novemba, treni za jioni zilikuwa zimejaa na baridi ilikuwa kali. Ni hayo tu. Mwambie Bwana Ushiyama kwamba asubuhi ni wakati mzuri wa kumshinda mtu ambaye bado ana usingizi.

Choo ni kizuri, Mjomba. Mlango ni mpana kweli.

Msalimie Mkaza mjomba, na paani apande mtu mwingine.

Nagisa


Iwanosawa,
Tarehe 2 Aprili 2018

Mpwa wangu,

Theluji inayeyuka, na Fusae ameshaanza kuzungukazunguka porini kutafuta mboga. Magoti yangu yananiambia mvua itanyesha kesho.

Treni zilikuwa zimejaa! Nilikwenda stesheni kuuliza. Treni ya jioni ya siku ile iliondoka na watu tisa. Nikampigia mama yako simu. Nilipotaja ukumbi tu, akaanza kunisimulia habari za paka wa jirani. Paka yule sasa namjua kuliko wajukuu zangu.

Kamati ya mashindano imekutana. Aliyeacha mchezo katikati miaka mitatu mfululizo hapelekewi tena fomu, mpaka aeleze sababu. Nimewaomba wasubiri hadi mwisho wa mwezi. Sikuomba kwa furaha. Ninyi wawili mnanificha nini?

Tokuji


Sendai,
Tarehe 21 Aprili 2018

Shikamoo Mjomba,

Maua yalichanua wiki iliyopita na sasa yameanguka yote. Mama hakutoka kuyaona. Nilikuandikia kwamba mgongo unamsumbua kidogo, nilikudanganya. Tangu Novemba hawezi kuinama. Sasa anakuja msaidizi, Bi Tsukuda, asubuhi na jioni, na mama anamtazama akinihudumia kama fundi anayemtazama mwanagenzi akiharibu mbao.

Choo chako kina kila kitu anachohitaji mtu anayeweza kujihamisha kutoka kwenye kiti chake hadi chooni. Mimi siwezi. Unajua kwamba kuanzia kiunoni kwenda chini mwili haujanitii tangu nizaliwe, lakini sidhani kama umewahi kujiuliza mambo huwaje mlango ukishafungwa. Navaa nepi, Mjomba. Nina miaka thelathini na sita, na ili nibadilishwe ni lazima nilazwe. Mle ndani ubao wa kulalia ni mmoja, unaokunjuliwa ukutani, na juu yake pamechorwa mtoto mchanga. Mimi nina kilo hamsini na moja. Basi mama hutandika nailoni sakafuni, hunishusha, hupiga magoti, na mimi hutazama dari hadi amalize. Halafu huninyanyua. Ana miaka sitini na sita.

Ili jambo hilo litokee mara moja tu, kabla ya kupanda treni, sinywi chochote tangu usiku wa kuamkia siku ya mashindano. Nacheza midomo imenikauka. Ikifika saa sita kichwa kinapasuka, na kete naziona mbilimbili. Ndiyo sababu huwa naondoka mchana.

Mwaka jana sikuweza kungoja hata huo mchana. Tuliingia, tukakuta sakafu imelowa chapachapa. Mama aliteleza akiwa amenibeba. Tukaanguka wote wawili. Kwanza tulicheka, maana tulifanana na magunia ya mchele yaliyoporomoka dukani, kisha mama akaanza kulia, na mimi sijawahi kumwona mama akilia mahali pa watu. Nikamwambia twende nyumbani.

Sikukuambia kwa sababu kila mwaka hunisimamisha mlangoni unionyeshe vile vyuma, na uso wako huwa unang'aa. Nilishindwa kukuzimia taa. Lakini mama sasa hawezi kufunga viatu vyake mwenyewe, na ukimya wangu ndio uliomfikisha hapo.

Siogopi kushindwa. Nina hamu ya kushindwa saa kumi jioni kama watu wengine.

Nagisa


Iwanosawa,
Tarehe 14 Juni 2018

Mpwa wangu,

Mpunga umepandwa, vyura wanapiga kelele, na Fusae anakusalimu. Nimekaa na barua yako wiki saba. Kwanza nilikukasirikia wewe. Kisha nikamkasirikia mama yako. Watu wa kuwakasirikia walipokwisha, nikabaki mimi.

Jumatatu moja, siku ambayo ukumbi hufungwa, nilichukua ufunguo nikaenda. Nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikalala sakafuni. Fundi hulitazama jengo akiwa amesimama. Nikiwa chini niliona kutu chini ya beseni. Niliona bomba nililolipinda vibaya miaka kumi na miwili iliyopita nikijua hakuna atakayeliona. Baridi ya vigae ikanipanda hadi shingoni, na harufu sitaieleza. Nikajiambia nitakaa dakika kumi, kwa kuwa mama yako aliniambia kwa simu kwamba huwachukua dakika kumi. Safari hii hakumtaja paka.

Dakika ya sita Bi Yonezawa, yule mfagizi, akafungua kwa ufunguo wake, akapiga yowe. Alidhani nimekata roho. Ilibidi niamke haraka kuliko magoti yangu yanavyopenda.

Nilipomweleza kilichonilaza pale, alikaa juu ya ndoo yake. Kisha akasema, "Fundi, sakafu ile niliilowesha mimi."

Kumbe tangu mwaka wa kwanza alikuwa anaikuta nailoni kwenye pipa la taka, akaelewa. Basi kila mwaka uliofuata, asubuhi ya mashindano, aliisugua sakafu mara tatu kwa maji ya moto, ili usilale kwenye uchafu. Mwaka jana alichelewa, na mara ya tatu akaifanya muda mfupi kabla hamjaingia. Hakumwambia mtu. Aliona akisema atawaaibisha. Wewe ulinyamaza kwa ajili yangu, yeye akanyamaza kwa ajili yako, mama yako akanyamaza kwa ajili yetu sote. Tumestahiana mpaka tumevunjana migongo.

Niwie radhi, Nagisa. Nilijivunia mlango, nikasahau mtu.

Kamati nimeiambia hivi: si yeye aliyeukimbia ukumbi, ni ukumbi uliomfukuza. Fomu yako imo ndani ya bahasha hii. Nitumie vipimo vyako, vyote, bila haya. Nitamjengea mpwa wangu chumba.

Tokuji


Sendai,
Tarehe 1 Julai 2018

Shikamoo Mjomba,

Mvua haikatiki, nguo zinakauka ndani ya nyumba, na mama amesoma barua yako mara tatu. Pale pa yowe alicheka mpaka mgongo ukamkumbusha. Anasema mwambie Bi Yonezawa kwamba hana deni lolote kwetu; ameandika kwa mkono wake, karatasi ndiyo hiyo.

Fomu nimeijaza. Vipimo ninavyo, lakini sikupi mpaka tukubaliane jambo moja. Usimjengee mpwa wako. Ukinijengea mimi, watasema Tokuji amemfanyia jamaa yake, na mwaka ambao sitakuja watajaza viti humo. Tafuta wengine. Haiwezekani mji mzima wa Iwanosawa mtu wa kulazwa niwe mimi tu, tena mgeni wa siku moja kwa mwaka. Waulize Bi Yonezawa na mwenye duka la dawa. Wao ndio wanaojua nani ananunua nepi kubwa.

Halafu tutazungumza habari za kitanda. Kiwe cha kupanda na kushuka, ili msaidizi asipige magoti, na pembeni pabaki nafasi ya kiti changu na watu wawili.

Nagisa


Iwanosawa,
Tarehe 10 Septemba 2018

Mpwa wangu,

Mpunga umekuwa wa dhahabu na kunguru wameanza dharau zao. Mimi nimekonda, Fusae amefurahi.

Ulisema kweli. Tumepata nyumba tisa zenye mtu wa kulazwa. Tisa, Nagisa, katika mji ambao nilidhani najua kila ufa wa kila ukuta! Kuna Kanbe, yule mwenye duka la tofu, aliyepooza miaka mitano iliyopita. Nilidhani anapenda kukaa ndani. Kuna mama mmoja wa juu mtoni, Bi Orie, ana mwanawe wa miaka arobaini ambaye mimi sikujua hata kama yupo.

Tukaenda kwenye kikao cha mji. Meneja wa ukumbi, Bwana Hatakeyama, alikuja na makaratasi. Chumba tulichokitaka ni stoo iliyo ubavuni mwa choo, na mle ana viti vyake vya kukunja mia mbili, anavyovipenda kuliko wanawe. Alieleza kwa adabu kwamba miaka yote hakuna aliyewahi kuomba kitu kama hicho.

Bi Shizuko, mke wa Kanbe, hajawahi kusema mbele za watu zaidi ya "karibu dukani". Akasimama.

"Tungeombea wapi, Bwana Meneja? Kufika hapa kwenyewe tunashindwa. Leo nimemwacha mume wangu kwa jirani ili nije kukuambia kwamba tupo."

Hatakeyama aliangalia makaratasi yake, akayakunja. Viti vimehamia kwenye ghala la zimamoto.

Mji ulinunua kitanda, kirefu, cha umeme. Mimi nilibomoa ukuta na kuweka mbao nene ndani yake, maana kitanda kile kikifungwa kwenye ukuta mwembamba kitang'oka na mtu juu yake. Ilipofika saa ya kukijaribu nilihitaji mtu mzito. Nikamwita Ushiyama. Ana kilo tisini na mbili, na ulimi wake peke yake ni kilo mbili nyingine. Akapanda huku akinitania kwamba nampima jeneza. Nikampandisha, nikamshusha, nikampandisha tena. Akiwa kule juu akauliza, "Yule binti alikuwa analala wapi?" Nikamwonyesha sakafu. Nilipomshusha, akavaa viatu vyake akaenda zake. Tangu siku hiyo lile jina sijalisikia.

Nakutumia picha. Tazama kazi ya mjomba wako.

Tokuji


Sendai,
Tarehe 14 Septemba 2018

Shikamoo Mjomba,

Tuko wazima, na joto limepungua. Picha imefika jana, na mama ameiweka mezani, anaitazama huku anakula.

Kitanda ni kizuri. Ukuta ni mzuri. Nafasi inatosha hata kucheza ngoma. Nilianza kukuandikia barua ya shukrani tupu, nikafika katikati nikaichana, maana kwa unyamavu wangu tumeshalipa mgongo mmoja.

Mjomba, tazama mlangoni. Umejenga chumba cha watu wasiotembea, ukakiwekea kizingiti cha vidole vinne cha kuruka. Na nyuma ya kizingiti umepanga jozi mbili za ndara za chooni. Magurudumu yangu yanavaa namba ngapi?

Usinikasirikie. Ukinikasirikia, kikate kwanza, ndipo ukasirike.

Nagisa


Iwanosawa,
Tarehe 22 Septemba 2018

Mpwa wangu,

Kimekatwa. Sakafu sasa imenyooka kutoka ukumbini hadi kitandani. Bi Shizuko amempitisha mumewe na bakuli la maji mapajani, halikumwagika tone. Miaka hamsini na tano mkono wangu umetenganisha sakafu ya choo na sakafu nyingine kwa kizingiti. Mkono ulikuwa unajenga, kichwa kimelala. Hakuna hata mmoja wetu aliyekiona: mimi, Hatakeyama, wajumbe wote kumi na wawili. Tulikiruka, tukavaa ndara, tukasifu chumba.

Fusae alicheka mpaka nikamletea maji. Ndara amepewa Hatakeyama.

Nilikasirika siku mbili. Imepita. Njoo.

Tokuji


Sendai,
Tarehe 6 Novemba 2018

Shikamoo Mjomba,

Tumefika salama. Treni ilikuwa na watu wengi, na hili kaulize stesheni ukitaka. Mama analala, Bi Tsukuda amekwenda kwake, na mimi naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Ya ukumbini unayajua, saa ilikuwa mkononi mwako. Uliona nimeshinda asubuhi, na uliona nilivyompa Bwana Ushiyama kazi ngumu mchana mpaka akavua koti, akavua na miwani, mwishowe akainamisha kichwa na kusema "nimeshindwa" kwa sauti ambayo benki yake ingemwonea fahari. Uliona pia fainali, yule mama mwenye mgahawa wa tambi alivyonibana pembeni na kunimaliza ikiwa inakaribia saa kumi na moja. Niliposema "nimeshindwa" watu waligeuka, kwa kuwa nilisema huku nacheka. Sijawahi kubaki pale mpaka taa zikawashwa. Ukumbi ule ni mzuri jioni, hukuwahi kuniambia.

Lakini kuna jambo hukuliona, kwa kuwa hukuweza kuondoka mezani kwako.

Asubuhi nilikunywa supu bakuli zima. Nilikunywa chai ya Mkaza mjomba vikombe vitatu, mbele za watu, na hakuna aliyejua kwamba hiyo kwangu ilikuwa sikukuu. Basi wakati wa chakula Bi Tsukuda akanisukuma mpaka kwenye kile chumba. Tukakuta mlango umefungwa. Nilidhani Hatakeyama amerudisha viti vyake, nikaandaa matusi.

Kumbe ndani mna mtu. Bi Shizuko alikuwa mle na mumewe. Nje amesimama Bi Orie wa juu mtoni na mwanawe. Wao hawachezi shogi. Alisema mwanawe anapenda mlio wa kete zikigonga ubao, na hajawahi kuusikia ukumbi mzima kwa pamoja. Nyuma yao mimi. Nyuma yangu akaja babu mmoja na bintiye, watu wa mji wa pili, waliosoma tangazo la chumba hiki kipya. Tukawa tumejipanga ukutani, kila mmoja na begi lake la nepi mapajani, tukisalimiana, tukisema hewa imekuwa baridi. Nina miaka thelathini na saba, Mjomba, na ndiyo mara yangu ya kwanza kupanga foleni ya choo.

Foleni ilikuwa ndefu. Kengele ya mchezo wa mchana ikalia mimi bado ni wa pili. Hapo ndipo Ushiyama alipotokea kwenye korido, uso umemkunjamana, akiangalia huku na huku. Nadhani aliamini nimeondoka tena. Akaniona. Akatuangalia wote, kutoka mlangoni hadi kwa yule babu. Akainama, chini kabisa, akageuka akarudi ndani. Wewe uliyasikia aliyokuambia. Nasi tuliyasikia kupitia ukutani.

"Usianze saa, Fundi. Yupo. Yuko kwenye foleni ya choo."

Ukumbi mzima ukacheka. Mwana wa Bi Orie naye akacheka, kwa sauti, na mama yake akafunika uso kwa viganja viwili. Nami nililia kidogo, na sioni haya kukuambia.

Kwa hiyo nina malalamiko, na safari hii siyaweki hata wiki. Tulisubiri dakika ishirini na tano. Watu wote wale, kitanda kimoja! Chumba hakitoshi, Mjomba. Pima kingine.

Mpwa wako,
Nagisa